Mama Asiye na Mume, na Mtoto Wake

Somo kwa wakatekumeni wa vijijini

Katika vijiji vinavyouzunguka mji wa Bunia, na katika mitaa ya mji wenyewe, jambo hili hutokea mara nyingi. Msichana amejiandikisha katika mafundisho ya dini. Miezi mingi amekuja pamoja na wenzake. Anajua Baba Yetu, anajua Amri Kumi za Mungu, na hukaa daima katika benchi la pili, karibu na dirisha. Kisha siku moja mahali pake ni patupu. Juma la pili hali ni ile ile. Wenzake wakiulizwa hutazamana, hucheka kidogo, na mmoja hujibu kwa sauti ya chini kwamba ana mimba. Basi mambo huishia hapo. Jina lake hupigwa mstari katika daftari, na somo huendelea kana kwamba hakuwapo kamwe.

Somo hili ni juu ya msichana huyo na mtoto aliye tumboni mwake. Mkatekumeni anayejiandaa kupokea Ubatizo hana budi kulijua vema, maana kesho atakuwa Mkristo mwenye jirani, na jirani huyo pengine atakuwa ni yeye. Tena yafaa kuuliza tangu mwanzo: mstari ule uliamriwa na nani? Itaonekana hapa chini kwamba Mungu hakuuamuru, wala Kanisa halikuuamuru.

Hagari jangwani

Kitabu cha Mwanzo, katika sura ya 16 na ya 21, kinasimulia habari za Hagari, mjakazi Mmisri wa Sara, mke wa Abrahamu. Hagari hakuyachagua mambo yaliyompata. Bibi yake hakuwa na mtoto, akamtoa kwa mumewe. Naye alipopata mimba, wivu ukaingia nyumbani, akateswa hata akatorokea jangwani. Huko malaika wa Mungu alimkuta karibu na chemchemi. Neno la kwanza la malaika halikuwa lawama. Alimwuliza anatoka wapi na anakwenda wapi, kama mtu mwema anavyomwuliza msafiri aliyechoka. Mtoto akapewa jina la Ishmaeli, na maana yake ni kwamba Mungu husikia.

Mara ya pili hali ilikuwa mbaya zaidi. Sara naye alipopata mwana, alitaka mjakazi na mtoto wake waondolewe kabisa. Abrahamu alihuzunika, lakini siku ilipopambazuka alimpa Hagari chakula kidogo na mfuko mmoja wa ngozi wenye maji, akawaaga. Mfugaji yeyote wa Djugu au wa Irumu akiisoma habari hii hushangaa: mazizi yamejaa, na mama wa mtoto anaondoka na mkate na maji! Maji yakaisha. Hagari akamlaza mtoto chini ya kichaka, naye akaketi kwa mbali ili asimwone akikata roho.

Mungu alikisikia kilio cha mtoto. Msomaji ayaangalie yaliyofuata. Mungu hakushusha chakula kutoka mbinguni, wala hakuufanya mto mpya katika mchanga. Alimfungua Hagari macho, naye akakiona kisima. Maandiko hayasemi kwamba kisima kilichimbwa saa ile. Mtu aliyefukuzwa nyumbani, mwenye kiu, aliyelemewa na machozi, anaweza kupita hatua ishirini kutoka kisimani asikione. Katika kijiji visima vipo: shangazi mwenye moyo, muuguzi wa zahanati, mama mmoja mzee wa jumuiya ambaye watoto wake wamekwisha kuoa na kuolewa, na nyumba yake ina nafasi. Anayekosekana mara nyingi ni mtu wa kumshika msichana mkono na kumwonyesha.

Dhambi iko wapi

Wako wanaosema, "Tukimsaidia huyu, wasichana wengine watafuata mfano wake." Neno hili lina sura ya hekima, na ndiyo sababu limedumu. Ni kweli kwamba Amri ya Sita haikuondolewa, wala hakuna padre wala katekista mwenye ruhusa ya kuiondoa. Wavulana na wasichana wanapaswa kungoja Sakramenti ya Ndoa. Lakini ni nani aliyewahi kumwona msichana akitamani kukesha usiku na mtoto mwenye homa, bila mume, bila fedha, ili tu jirani amletee kilo mbili za maharage? Njaa ya mama haijamfundisha mtu yeyote usafi wa moyo.

Tena kuna jambo baya kuliko hilo. Msichana aliyefukuzwa huenda kwa siri kwa muuza dawa, akanywa mizizi au vidonge ili mimba itoke. Mtoto hufa, na mara nyingine mama hufa naye. Hapo Amri ya Tano imevunjwa, na si yeye peke yake atakayeulizwa na Mungu. Baba aliyemtupia nguo zake nje, kaka aliyemtishia fimbo, wenzake wa mafundisho waliomcheka, hao wote walimsukuma hatua kwa hatua kuelekea nyumba ya yule muuza dawa.

Mtoto mwenyewe hana dhambi ya wazazi wake. Kanisa linafundisha kwamba kila roho huumbwa na Mungu mwenyewe, naye Mungu haumbi roho ya haramu. Kwa hiyo neno lile "mwanaharamu", wanalolitupa watu ovyo kisimani na sokoni, halifai katika kinywa cha mkatekumeni. Hata sheria za Kanisa zimeendelea kulifikiri jambo hili. Katika Sheria ya mwaka 1917, mtu aliyezaliwa nje ya ndoa hakuweza kupewa Upadre pasipo ruhusa ya pekee; katika Sheria mpya, iliyotangazwa na Papa Yohane Paulo II mwaka 1983, zuio hilo halimo tena.

Zaidi ya hayo, wako kina mama wasio na waume ambao hawakutenda dhambi yoyote. Nchi ya Ituri inawajua. Katika vita vya miaka ya 1999 hadi 2003, na tena tangu machafuko yalipoanza upya huko Djugu mwezi wa Desemba 2017, wasichana wengi walikamatwa kwa nguvu njiani, shambani, au mahali walipokimbilia. Baadhi yao walirudi na mimba, wengine na mtoto mgongoni. Kuwauliza hao kwa nini hawakujilinda ni kuwapiga mara ya pili.

Mwalimu wao wa kale katika jambo hili ni Mwafrika. Mwaka 410 jeshi la Wagothi liliuteka mji wa Roma, na wanawake wengi, hata mabikira waliowekwa wakfu, walitendewa kwa nguvu. Wapagani waliwacheka Wakristo. Ndipo Mtakatifu Agostino, Askofu wa Hippo katika Afrika ya Kaskazini, alipowatetea mwanzoni mwa kitabu chake kikubwa kiitwacho Mji wa Mungu. Alifundisha kwamba usafi hukaa rohoni. Mwili ukilazimishwa na moyo haukukubali, dhambi yote ni ya yule aliyelazimisha. Na katika siku za karibu, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, iliyoko La Haye nchini Uholanzi, ilimhukumu Bosco Ntaganda mwaka 2019 kwa makosa yaliyotendwa Ituri katika miaka ya 2002 na 2003, na ubakaji na utumwa wa wasichana vilikuwa miongoni mwa makosa hayo. Tarehe 8 Machi 2021 majaji waliamuru fidia, wakatamka kwamba watoto waliozaliwa kwa ubakaji huo wahesabiwe kuwa wamedhulumiwa wao wenyewe. Kama majaji wa nchi za mbali wameona hivyo, itakuwa ajabu kijiji cha wabatizwa kione vingine.

Maswali ambayo wakatekumeni huuliza

Swali: Je, mtoto wa mama asiye na mume aweza kubatizwa?
Jibu: Aweza. Sheria ya Kanisa yataka mzazi mmoja tu akubali, na pawepo tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa katika imani. Tumaini hilo laweza kuwekwa juu ya mama, au bibi yake, au mama wa ubatizo mwenye bidii. Papa Fransisko, aliyefariki tarehe 21 Aprili 2025, aliwakaripia waziwazi mapadre waliowakatalia watoto wa namna hiyo Ubatizo, tangu alipokuwa bado Askofu Mkuu wa Buenos Aires.

Swali: Je, mama mwenyewe, aliye bado mkatekumeni, aweza kuendelea na mafundisho?
Jibu: Aweza, na anapaswa kuitwa arudi. Ubatizo huondoa dhambi zote, ya asili na zile alizotenda mtu mwenyewe. Yatakiwa ajute, aache njia ya zamani, na ashike njia mpya. Hakuna amri inayosema aanze tena kutoka ukurasa wa kwanza kama mtu asiyejua kitu. Kardinali Lavigerie, aliyeanzisha shirika la Wamisionari wa Afrika mwaka 1868, aliagiza wakatekumeni wafundishwe na kujaribiwa miaka minne. Na katika muda mrefu kama huo alijua vema kwamba wengine watajikwaa.

Swali: Na aliyebatizwa zamani, kisha akazaa bila ndoa, je, ameondolewa katika Komunyo maisha yake yote?
Jibu: Hapana. Akiisha kuungama kwa majuto, na kama haishi na mwanamume pasipo ndoa, njia ya Meza ya Bwana iko wazi mbele yake. Katika jambo hili Roma imesema. Tarehe 13 Desemba 2023, Idara ya Mafundisho ya Imani, kwa kibali cha Papa, ilimjibu kwa barua Askofu mmoja wa Jamhuri ya Dominika. Askofu huyo alikuwa ameeleza kwamba kina mama wasio na waume walijizuia na Komunyo kwa kuogopa ukali wa mapadre na wa viongozi wa jumuiya. Jibu lilikuwa kwamba mwanamke aliyekubali kumzaa mtoto wake, akabeba mzigo wa kumlea, atiwe moyo aijie nguvu ya Sakramenti iponyayo.

Yafaa kukumbuka maneno yale, viongozi wa jumuiya. Barua iliwataja wao pamoja na mapadre. Mara nyingi mlango unaofungwa ni mlango wa kanisa dogo la kijiji, na mwenye kushika ufunguo si padre.

Mwanamume yuko wapi

Katika habari hizi zote mtu mmoja hutajwa kidogo sana. Msichana hupigwa kelele. Mvulana amekwenda Mongbwalu kutafuta dhahabu, au anacheza mpira uwanjani kama siku zote. Hata katika mafundisho hutokea kwamba jina la msichana limefutwa, na aliyempa mimba anaketi katika benchi la nyuma, na ndiye anayejibu maswali kwa sauti kubwa kupita wote.

Sura ya 38 ya kitabu cha Mwanzo iliandikwa kwa ajili ya mtu huyo. Tamari alikuwa mjane wa mwana wa Yuda. Kwa desturi ya watu wale alikuwa na haki ya kupewa ndugu wa marehemu, lakini Yuda alimdanganya, akamwacha akae bila mume na bila mtoto. Tamari akajifunika uso, akaketi kando ya njia. Yuda akapita, asimtambue, akalala naye. Malipo aliyoahidi yalikuwa mbuzi mdogo, na kama rehani akamwachia muhuri wake, kamba yake, na fimbo yake. Miezi mitatu ikapita. Yuda aliposikia kwamba mke wa mwanawe ana mimba, aliwaka hasira, akaagiza atolewe nje achomwe moto. Hakuuliza neno. Ndipo Tamari alipozituma zile rehani tatu, akasema mwenye vitu hivi ndiye mwenye mimba. Yuda akaviona, akakiri mbele ya watu kwamba yule mwanamke alikuwa na haki kuliko yeye.

Kukiri huko ndiko kunakotafutwa leo katika mikutano ya wazee. Kwa makabila mengi ya Ituri mtoto huhesabiwa katika ukoo wa baba mahari yakiisha kutolewa, na mvulana aliyempa msichana mimba hutozwa faini ya mbuzi, au ng'ombe, au fedha. Desturi hii ina uzuri wake, maana inatamka mbele ya watu wote kwamba kosa lilikuwa la wawili. Lakini mara nyingi mbuzi huchinjwa, wazee hula, mkono hupanguswa, na mtoto haonji hata mchuzi. Baada ya mwezi mmoja hakuna anayekumbuka kwamba kuna mtu mdogo anayehitaji sabuni.

Sheria ya serikali nayo iko upande wa mtoto. Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 yataka kila mtoto wa Kongo awe na baba, na yamkataza mtu kumkana mtoto wake, awe amezaliwa ndani ya ndoa au nje. Kwa hiyo mvulana mkatekumeni aliyezaa mtoto hataambiwa tu asali sala ya majuto. Atatakiwa amtambue mtoto wazi, atoe chakula na nguo kadiri ya nguvu zake, na awe amekwisha kuanza kufanya hivyo kabla ya kuitwa kwa Ubatizo. Majuto yasiyogharimu kitu ni ya kutilia shaka.

Jambo moja la kuonya: baba wa msichana, kwa kuona haya, hutaka kumwoza upesi upesi kwa mtu yeyote, pengine kwa mzee mwenye mke nyumbani. Huko ni kuficha jeraha pasipo kulitibu. Sheria ya Kongo haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kuolewa, na Kanisa halikubali ndoa ya mtu aliyelazimishwa. Hata kumwoza kwa yule kijana aliyempa mimba kwafaa tu kama wote wawili wana umri na wanataka kwa hiari. Mimba si padre, haifungi ndoa.

Wanawake wawili wa Cortona

Mtakatifu Margarita alizaliwa mwaka 1247 katika nchi ya Toscana, Italia, mtoto wa mkulima. Mama yake alikufa angali mdogo, na mama wa kambo hakumpenda. Alipokuwa msichana alimfuata kijana tajiri wa mji wa Montepulciano, akaishi kwake miaka tisa bila ndoa, akamzalia mwana. Siku moja yule kijana aliuawa. Margarita akamchukua mtoto, akarudi kwa baba yake. Baba alitaka kumpokea, mke wake akakataa, baba akanyamaza. Habari hii haihitaji tafsiri kwa mtu wa Bunia.

Mama na mtoto wakatembea mpaka mji wa Cortona. Huko wanawake wawili, Marinana na Raneria, waliwafungulia mlango, wakawapa mahali pa kulala, wakamfahamisha Margarita kwa watawa Wafransisko. Kwa muda alifanya kazi ya kuwahudumia wanawake waliokuwa wakijifungua. Baadaye alianzisha hospitali ya maskini katika mji huo, na mwanawe akawa mtawa. Alikufa tarehe 22 Februari 1297, na mwaka 1728 Papa Benedikto XIII alimtangaza kuwa mtakatifu. Vitabu husimulia sana juu ya machozi yake na mifungo yake. Wale wanawake wawili hutajwa kwa mistari michache tu, lakini pasipo mlango wao Kanisa lingeweza kumkosa mtakatifu.

Namna ya kusaidia

Mkono mmoja haulei mwana. Maaskofu wa Kongo walipochagua mwaka 1961 kulijenga Kanisa juu ya jumuiya ndogo zilizo hai, walitaka Wakristo wajuane kwa majina na kwa shida zao. Basi katika jumuiya yenye nyumba kumi na tano, msaada huu wawezekana, hata kama hakuna tajiri hata mmoja.

Kabla ya kuzaa, mtu mzima aende na msichana zahanati, asiachwe aende peke yake. Msichana mdogo ambaye mifupa ya nyonga haijakomaa aweza kushikwa na uchungu siku mbili au tatu. Mtoto hufa, na mama hubaki na jeraha linalomfanya avuje mkojo mchana na usiku. Ugonjwa huo huitwa fistula, na hutibika kwa upasuaji. Anayeficha mimba hadi siku ya mwisho ndiye aliye katika hatari kubwa, naye huificha kwa sababu ya kuogopa maneno ya watu.

Baada ya kuzaa, mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake miezi sita, bila maji na bila uji. Ili maziwa yawepo, mama sharti ale. Hapa ndipo jumuiya inapoweza kufanya zamu: leo nyumba hii ilete maharage, kesho nyumba ile ilete sombe yenye mafuta, keshokutwa samaki wakavu wa Kasenyi. Kwa chanjo, mtoto hupelekwa akizaliwa, kisha akitimiza majuma 6, majuma 10, majuma 14, na tena miezi 9 kwa ajili ya surua. Kadi ya chanjo ifungwe katika nailoni, isilowe na mvua. Alale ndani ya chandarua.

Kizazi chatakiwa kuandikwa katika ofisi ya serikali. Tangu sheria ilipotengenezwa upya mwaka 2016, wazazi wana siku 90 za kufanya hivyo. Mama wengi wasio na waume hawaendi, kwa kudhani kwamba wataulizwa jina la mume na kuaibishwa. Mwanamume mmoja wa jumuiya mwenye kujua kusoma aandamane naye. Asubuhi moja yatosha, na mtoto atakuwa na karatasi yake maisha yote.

Kisha kuna kazi. Kumpa mama chakula miaka mitano si jambo liwezekanalo, wala yeye mwenyewe hapendi. Apewe kipande cha shamba alime muhogo na maharage. Aingizwe katika likelemba ya kina mama, ili zamu yake ikifika aweze kununua bidhaa za kuuza sokoni, unga, chumvi, au samaki. Kama aliacha shule ya msingi, arudi. Tangu Septemba 2019 karo ya shule za msingi za umma, pamoja na zile za misioni zenye mapatano na serikali, imeondolewa. Lakini daftari na sare bado hununuliwa, na bibi wa kumshika mtoto asubuhi hawezi kununuliwa kwa fedha.

Mambo haya si ndoto. Katika Dungu, upande wa kaskazini wa Ituri, Sista Angélique Namaika aliwakusanya wanawake na wasichana waliokuwa wametekwa au kufukuzwa makwao na waasi wa Joseph Kony, wengi wao wakiwa na watoto wachanga. Aliwafuata kwa baiskeli katika njia mbovu, akawafundisha kusoma, kushona nguo, na kuoka mikate. Mwaka 2013 alipewa Tuzo ya Nansen ya Umoja wa Mataifa. Katika Bunia yenyewe, wanawake waliungana mwaka 2000 wakaunda chama cha SOFEPADI, ambacho mmoja wa viongozi wake ni Julienne Lusenge. Chama hicho kilianzisha kituo cha matibabu kiitwacho Karibuni wa Mama, ili wanawake waliotendewa jeuri wapate daktari na mtu wa kuwasikiliza. Sista hakuanza na nyumba kubwa. Alianza na baiskeli.

Na katika mafundisho yenyewe msaada wa kwanza ni rahisi kabisa. Wasichana wawili wa kundi lake waende nyumbani kwake, wamwambie kwamba mahali pake bado papo. Akija na mtoto, mtoto akilia, alie. Somo litangoja kidogo. Asiketishwe nyuma peke yake, wala kisa chake kisifanywe mfano mbele ya wengine. Mama wa ubatizo atafutwe mapema, miezi mingi kabla ya Pasaka, awe mtu wa kuja na sufuria mkononi mara kwa mara, si wa kuonekana siku ya sherehe kwa kitambaa kipya tu.

Jina katika kitabu

Usiku wa Pasaka wa mwaka 387, katika mji wa Milano, Askofu Ambrosio aliwabatiza pamoja baba na mwana. Baba alikuwa Agostino yule yule ambaye baadaye akawa Askofu wa Hippo. Mwana aliitwa Adeodato, maana yake aliyetolewa na Mungu; alikuwa kijana wa miaka kama kumi na mitano, naye alizaliwa nje ya ndoa. Hakuna aliyemwambia angoje nje ya kanisa kwa sababu ya kuzaliwa kwake. Mama yake alikuwa Mwafrika, ameishi na Agostino miaka mingi, kisha akaachwa ili Agostino aweze kumchumbia msichana wa nyumba kubwa. Akarudi Afrika peke yake, akaweka nadhiri asimjue mwanamume mwingine. Agostino alisimulia kwamba moyo wake ulivuja damu alipotengwa naye. Lakini katika kurasa zote alizoandika hakulitaja jina lake hata mara moja, na mpaka leo hakuna ajuaye aliitwa nani.

Katika daftari la ubatizo la parokia, mambo huandikwa vingine. Mtoto wa mama asiye na mume akibatizwa, jina la mama huandikwa, kama kuzaa kwake kwajulikana na watu au kama yeye mwenyewe anataka. Jina la baba huandikwa pia, kama kuna hati ya serikali inayomtaja, au kama yeye mwenyewe atakuja mbele ya paroko na mashahidi wawili kukiri kwamba mtoto ni wake. Mstari wake huachwa wazi mpaka aje.